Mbu wako majini, moshi uko hewani: barua ya wazi kwa wakuu wa afya ya umma Nairobi

Waheshimiwa,

Mimi ni mtunza ploti, au keateka kama mtaa unavyotuita, katika jengo la ghorofa saba huko Pipeline, Embakasi. Ninatunza vyumba tisini na sita, matangi manane ya paani, tangi moja la chini ya ardhi, chemba nne za maji taka, na mtaro wa barabarani ambao si wangu ila ukiziba huitwa mimi. Sikusomea udaktari wala elimu ya wadudu. Ninayoyajua kuhusu mbu nimeyajua kwa kuinama juu ya maji.

Naandika kwa sababu ya moshi.

Baada ya mafuriko ya 2024 mbu walituandama hadi wapangaji wa ghorofa ya tano, waliokuwa wakijisifu kwamba mbu hapandi ngazi, wakaanza kununua neti. Mwenye jengo akakodi watu wa kupuliza dawa. Sitawataja, walikuja siku moja na sijawaona tena. Walifika saa kumi na moja jioni na mashine inayonguruma kama bodaboda iliyotobolewa egzosi, wakafukiza kila kichochoro. Watoto waliufuata ule moshi wakishangilia, mama zao nyuma wakiwavuta kwa mashati. Kwa muda wa dakika ishirini hatukuonana. Watu walifurahi, nami nilifurahi, maana ukiona moshi mzito namna ile unaamini lazima kuna kitu kinakufa. Kisha wakasuuza pipa lao kwenye mtaro, wakapanda gari, wakaenda zao. Asubuhi bata wanne wa jirani wa upande wa mtoni walikuwa chali.

Mbu tulipumzika nao siku nne. Siku ya sita nilifunua chemba ya pili, ile iliyo nyuma ya choo cha nje, nikamulika kwa simu. Uso wa maji ulikuwa unachezacheza kama mchele unaochemka. Viluwiluwi watupu. Moshi wote ule ulipita juu ya kifuniko cha zege, wao wako chini wanakula.

Tangu siku ile nimekuwa na swali moja ambalo naomba mnijibu. Mbu huanza kama yai, akawa kiluwiluwi, akajikunja, ndipo akaota mbawa. Wakati wa joto safari hiyo humchukua wiki moja hadi siku kumi, na baridi yetu ya Julai humchelewesha kidogo. Siku zote hizo yumo majini, mahali panapojulikana, chini ya kifuniko ambacho funguo yake ninayo mimi. Hana mbawa, hana pa kukimbilia. Kwa nini tunamsubiri apate mbawa, aingie vyumba tisini na sita, ndipo tuanze kumfukuza gizani kwa koili na mkebe wa kupulizia?

Na hizo dawa zenyewe zinaishiwa nguvu. Nyingi ya zile za kupuliza na zile zinazotiwa kwenye vyandarua ni za ukoo mmoja, ukoo ulioigwa kutoka kwa ua letu la pareto. Wazee wa Nakuru na Kinangop watawaambia jinsi Kenya ilivyotamba duniani kwa pareto, kabla viwanda vya ng'ambo havijajifunza kuiga sumu yake kwa kemikali. Sasa mbu wa sehemu nyingi za Afrika, wa magharibi mwa Kenya wakiwemo, wameizoea. Sisemi vyandarua vitupwe. Mimi mwenyewe nalala ndani ya kimoja. Nasema tunampiga adui kwa fimbo moja miaka nenda miaka rudi, naye amekwisha ota sugu mgongoni.

Iko fimbo nyingine. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, watafiti Leonard Goldberg na Yoel Margalit walikuta kidimbwi kinachokauka kimejaa viluwiluwi waliokufa. Katika tope la kidimbwi hicho wakapata bakteria waliokuja kupewa jina la Bacillus thuringiensis israelensis, na kwa kifupi Bti. Ndugu zake walikuwa wakijulikana zamani: Mjapani Shigetane Ishiwata aliwakuta mwaka 1901 wakiua viwavi wa hariri, na Mjerumani Ernst Berliner akawakuta tena mwaka 1911, akawapa jina. Hao huua viwavi, na mkulima anayepuliza Bt, yaani Bacillus thuringiensis ya kawaida, kwenye kabeji zake anawatumia hao. Huyu wa Negev ndiye aliyewapania mbu.

Utendaji wake umenivutia kuliko chochote nilichowahi kusoma. Bakteria huyu anapojifungia katika mbegu yake hutengeneza fuwele ya protini. Fuwele hiyo peke yake haina ubaya. Kiluwiluwi kazi yake ni kula mchana na usiku, anachuja maji na kumeza kila kielea, kwa hiyo anaimeza. Tumbo lake lina magadi, halina asidi kama letu, na ni katika magadi hayo fuwele huyeyuka, ikakatwa, ikawa sumu, ikajishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Saa chache ameacha kula. Kesho yake amekufa. Tumboni mwa mtu, bata au samaki hakuna yale magadi, wala hakuna pale mahali pa sumu kujishikiza, ikapita kama chakula kingine. Ina sumu kuu nne zinazosaidiana, ndiyo sababu mbu hupata tabu kuizoea. Kando ya mto Rhine huko Ujerumani wanaitumia tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na mbu wa kule mpaka leo hawajaota sugu.

Sikutaka kuwaandikia mambo ya kusimuliwa. Mpwa wangu anasomea wadudu chuoni, akaniletea pakiti ya punje hizo, zinafanana na mchanga wa rangi ya kahawa. Nikachukua kata nyeupe ya enameli ya kuchotea maji. Ni lazima iwe nyeupe, la sivyo huwaoni. Unaiinamisha taratibu ukingoni, kivuli chako usikiangushe juu ya maji, maana wakiona kivuli wanazama wote. Ukikosea unasubiri dakika tatu hadi wapande kupumua. Wale wa Nairobi wengi hujining'iniza kichwa chini, mrija wa kupumulia juu: hao ni Culex, mbu wa maji machafu. Anayelala sambamba na uso wa maji ndiye Anopheles, wa malaria.

Kwanza nilijaribu pipa la maji ya mvua wanalooshea pikipiki. Mchoto mmoja ulinipa viluwiluwi ishirini na saba. Nikanyunyiza punje jioni. Asubuhi walikuwa wamenyooka, weupe, wametulia tuli. Walionusurika walikuwa wawili, wote wawili wamekwisha jikunja kama alama ya mkato. Hao hawali tena, wanasubiri mbawa tu, na asiyekula hanywi sumu.

Nikaenda kwa kiburi kwenye chemba ya pili, nikanyunyiza mara mbili ya kile kipimo. Kesho yake mchele ulikuwa bado unachemka. Nikampigia mpwa wangu simu kwa aibu, akacheka hadi akakohoa. "Mjomba, humo ndani wana pilau. Unadhani watahangaika na punje zako?" Akanieleza kwamba kwenye maji mazito ya choo viluwiluwi wameshiba uchafu, na fuwele huzama upesi. Huko hutumwa bakteria mwingine, Lysinibacillus sphaericus, anayestahimili maji machafu na huweza hata kuzaana ndani ya mizoga ya viluwiluwi aliowaua. Alipoleta huyo, chemba ikatulia siku ya tatu, ikakaa kimya karibu wiki tatu. Lakini naye ana kasoro zake. Aedes, yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, ni kama hamwoni. Na kwa kuwa hutegemea hasa sumu ya aina moja, kuna sehemu za India, Brazil na Ufaransa ambako mbu wamemzoea. Nayasema haya ili atakayeletewa zabuni ya bakteria wa aina moja kwa jiji zima ajue anauziwa nusu ya dawa.

Basi si jambo geni, wala si la Wazungu peke yao. Huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, watafiti waliweka bakteria hawa majini kila wiki, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006 watu kuumwa na mbu wa malaria kulipungua kwa asilimia 92. Malindi, nilikozaliwa, wakazi walijiunga katika vikundi vya Punguza Mbu na Malaria, wakazunguka na Bti kwenye madimbwi na mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa. Dar es Salaam mwaka 2006 walianza na kata tatu, wakawapa kazi wakazi wa mtaa, kila mtu na eneo lake, apite kila wiki. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha malaria ilishuka pale palipowekwa dawa. (Wenzetu huko wadi huiita kata. Kwetu Pwani kata ni hii ya kuchotea maji. Sioni jina linaloifaa kazi hii zaidi.) Kibaha, nje kidogo ya Dar, kuna kiwanda kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba kinachotengeneza bakteria wote wawili. Ni ndani ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki.

Na wataalamu je? Kituo cha kimataifa cha wadudu, icipe, alichokiasisi Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiko Kasarani. Kutoka kwangu ni matatu mbili. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wako Mbagathi. Dunia nzima hupanda ndege kuja Nairobi kujifunza mbu, na sisi wa Nairobi tunanunua koili.

Najua jibu ambalo limezoeleka: Nairobi haina malaria, mbu wake ni wa kelele tu. Ni kweli mji wetu uko juu, karibu mita 1,700, na baridi imetukinga. Lakini yule anayeitwa mbu wa kelele ndiye aliyemtia babu yangu matende kule Pwani. Nilikuwa namsaidia kuuinua mguu ule kuuweka juu ya kigoda. Aedes ndiye aliyeeneza dengi na chikungunya Mombasa. Na sasa kuna mgeni. Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, akaingia Ethiopia, na mwaka 2022 akahusishwa na mlipuko wa malaria katika mji wa Dire Dawa. Mwishoni mwa mwaka huohuo walimnasa Marsabit, habari zikatangazwa mapema 2023.

Huyu si mbu wa vinamasi vya kijijini. Ni mbu wa mjini, anapenda maji safi yaliyohifadhiwa: matangi, mapipa, visima vya mafundi wa ujenzi. Dawa nyingi za kupuliza hazimtishi. Njooni basi Pipeline mtazame tunavyoishi. Maji ya mfereji yanakuja siku yanapotaka, kwa hiyo kila chumba kina mitungi mitatu minne na pipa la buluu mlangoni. Jengo lililo mkabala na letu halijakamilika, na maji ya kumwagilia zege yamelala kwenye shimo tangu Januari. Barabara kutoka Marsabit hadi hapa ni lami tupu na malori hayalali. Sisemi atafika kesho. Nasema akifika atakuta tumemtandikia, na siku hiyo ile baridi tunayojivunia isiwe ndiyo kinga pekee tuliyo nayo.

Kuna hofu moja naiheshimu. Ukiwaambia watu wa ploti kwamba utatia bakteria katika tangi la maji, hasa baada ya mafuriko na kipindupindu, watakutupia mawe, na wana haki. Shirika la Afya Duniani limekwisha toa ushauri kuhusu Bti kutumika katika maji ya kunywa yanayohifadhiwa vyomboni, na sharti lake kubwa ni kwamba bidhaa iwe imetengenezwa kwa usafi, isibebe vijidudu vingine. Kwa hiyo isinunuliwe ya magendo mtaani. Iwe iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu. Na watu waambiwe kabla, kwa Kiswahili, katika baraza la chifu, si kwa bango lililobandikwa usiku. Mimi hata hivyo ningeanza na chemba, mapipa na mashimo ya ujenzi, matangi ya kunywa yafungwe vifuniko vizuri kwanza. Kifuniko hakihitaji zabuni.

Wala msidhani nawauzia malaika. Katika eneo la Camargue, kusini mwa Ufaransa, watafiti waliona kwamba Bti iliwapunguza pia visubi wasiouma, jamaa wa mbu, na mbayuwayu waliokuwa wakilisha makinda yao kwa visubi hao wakalea makinda wachache. Hilo ni eneo la ardhi oevu ya asili. Karo la choo cha Pipeline halina mbayuwayu, lakini atakayetaka kumwaga Bti katika bwawa lililo ndani ya mbuga ya Nairobi afikirie mara mbili.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Bakteria hawa wana udhaifu unaojulikana: hawadumu. Jua huwaua, tope huwameza, mvua huwasomba, na baada ya wiki moja au mbili unarudia. Nimesikia wakubwa wakiutaja udhaifu huu kana kwamba ndio mwisho wa mazungumzo. Kwangu mimi ndio mwanzo wake. Kinachorudiwa kila wiki ni kazi, na mtaa wangu umejaa watu wanaotafuta kazi. Moshi hauhitaji mtu wa mtaa. Unahitaji mashine, gari, mafuta na siku moja ya kupigwa picha. Punje za Bti hazipigiki picha. Zinahitaji kijana mwenye kata, daftari na viatu vya mpira, anayejua kwamba shimo la nyuma ya gereji hujaa kila ikinyesha, na anayelipwa mwisho wa mwezi, mbu wakiwepo au wasiwepo. Hasa wasipokuwepo, kwa kuwa hapo ndipo watu huanza kuuliza pesa zinalipia nini.

Zamani, wazee wananiambia, Bwana Afya alipita na tochi akichungulia mapipa, na watu wakamwaga maji mbio wakimwona kwenye kona. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, bado ina sehemu nzima kuhusu kuangamiza mbu, na viluwiluwi kwenye uwanja wako ni kosa hata mbu hajaruka. Nimeisoma. Ni sheria ya kutoza faini. Mwenye nyumba akitozwa anapandisha kodi, nami namwaga oili chafu kwenye chemba ili nionekane nimefanya kitu. Tumefanya hivyo sana, na oili hiyo yote iko mto Ngong.

Ninachoomba ni kidogo. Chukueni wadi moja kati ya themanini na tano. Nitafurahi ikiwa yetu, lakini sitagombana. Anzeni wiki mbili kabla ya masika na msiache mpaka vuli ipite. Nunueni bakteria wote wawili, mmoja kwa maji safi, mwingine kwa maji machafu, na mwahifadhi kivulini, maana ghala la mabati litawaua kabla hawajafika mtaroni. Wahudumu wa afya ya jamii wanaijua milango yote; sisi wakeateka tunavijua vifuniko vyote. Tuoanisheni. Wadi ya jirani iacheni ilivyo, mhesabu viluwiluwi kwa kata huku na huku kila wiki, hesabu ibandikwe mlangoni kwa chifu kila mtu aione, ikiwa nzuri au mbaya. Ikishindikana, rudini kwenye moshi wenu, na mimi nitafagia njia mashine ipite.

Chemba za jengo letu ni nne na funguo ninazo mimi. Jumanne asubuhi ndiyo siku yangu ya kuchota. Atakayekuja avae viatu vya kuoshwa. Kata ya pili ipo.

Wenu mtiifu,
Mtunza ploti, Pipeline, Embakasi